Kwenda Katindiuka na Simu Isiyo na Tundu la Laini

Simu ya mpwa wangu haina mahali pa kuchomeka laini. Aliinunua Marekani, anakoishi na wazazi wake tangu utotoni, na huko Apple iliondoa tundu la laini kwenye iPhone kuanzia toleo la 14, mwaka 2022. Laini imo ndani kwa ndani, kijipande kilichofungwa kiwandani, nawe unashusha namba kwa intaneti na kuiweka humo. Ndiyo hiyo eSIM. Kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye simu ya laini mbili jambo hili linaweza kupita bila kuulizwa. Kwa mtu anayekwenda Katindiuka lina uzito wake.

Katindiuka ni kata ya Mji wa Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero, mkoani Morogoro. Ndiko anakoishi mama yangu, na ndiko alikozaliwa dada yangu, mama wa huyu mpwa. Bibi alimjua mjukuu wake kwa picha, na kwa sauti iliyokuwa ikikatikakatika kwenye simu janja ya jirani. Safari hii tulikuwa tunampelekea mwenyewe.

Alipotua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, intaneti yake ilikuwa imeshashika kabla begi halijatoka. Alinunua bando la safari akiwa kwao, kwa mojawapo ya kampuni zinazouza eSIM za wasafiri mtandaoni. Siku hizi zipo nyingi: Airalo, Holafly, Nomad, Saily na nyingine. Unachagua nchi, unalipa kwa kadi ya benki, unatumiwa msimbo wa QR, simu inausoma, na ukitua unakuta mtandao. Kwa mgeni anayefika usiku, asiyejua pa kuanzia, hilo ni jambo kubwa. Alinitumia ujumbe wa WhatsApp, "Mjomba nimefika, nasubiri begi," nami nikajua nisimame mlango gani. Zamani mgeni wa namna hiyo alikuwa anaazima simu ya dereva teksi.

Nilipomwambia kwamba tutamtafutia namba ya Tanzania kabla ya kuingia bondeni, alishangaa.

"Ya nini, mjomba? Mbona intaneti ninayo?"

"Intaneti unayo, mama. Namba huna."

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Bando alilonunua lilikuwa la data tupu, kama zilivyo nyingi za aina hiyo. Halina namba ya kupigiwa. Huwezi kubonyeza *150*00# ukafungua M-Pesa, huwezi kutumiwa hela, na mtu mwenye simu ya kitochi hawezi kukupata hata akiwa amekaa nyumba ya pili. Mjini mambo hayo yanavumilika kwa siku kadhaa, maana hoteli inapokea kadi na kila unayemtafuta yuko WhatsApp. Bondeni, namba ya simu ndiyo pochi, ndiyo mlango wa nyumba, na mara nyingi ndiyo dhamana yako. Bodaboda anataka kukubipu ili aihifadhi namba yako. Muuza samaki anataka umlipe kwa simu kwa sababu hana chenji. Bibi anataka kukupigia.

Tulipanda treni ya SGR hadi Morogoro. Treni hii ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kwa anayekwenda Ifakara inapunguza machovu ya nusu ya kwanza ya safari. Njiani mpwa wangu aliniuliza kwa nini kurasa anazofungua zinamdhania yuko Ulaya. Ni hivi: eSIM nyingi za wasafiri zinatoka kwa kampuni ya simu ya nchi ya tatu, na simu ikiwa hapa inakuwa kwenye rominga. Inashika mnara wa Tanzania, lakini mara nyingi data zake hupelekwa kwanza kwenye mitambo ya kampuni ile ya nje, ndipo zitoke kwenda zinakokwenda. Ujumbe wa maandishi hauhisi kitu. Ukipiga simu ya video kutoka Morogoro kwenda Kigamboni, sauti inapitia ng'ambo ya bahari kisha inarudi, na unaisikia ikichelewa.

Nilimsimulia habari ambayo vijana wa umri wake hawaijui. Septemba 2006, Celtel iliunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania katika mpango ulioitwa One Network. Ukivuka Namanga au Mutukula ulikuwa unaendelea na laini yako ileile, unapiga kwa bei ya wenyeji, unapokea simu bila kukatwa, na salio unaongeza kwa vocha ya nchi uliyoingia. Duniani hapakuwa na mpango wa namna hiyo kabla ya huo. Umoja wa Ulaya ulifuta gharama za rominga kwa raia wake mwaka 2017, zaidi ya miaka kumi baadaye. Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN nao wakajibu kwa huduma yao waliyoiita Kama Kawaida. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na mipango ile ikafifia. Serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilirudi kwenye wazo hilo kuanzia mwishoni mwa 2014 kwa kushusha gharama za kupigiana simu kati yao, na Tanzania haikuwa miongoni mwa walioanza. Nayasema haya kwa uchungu. Sisi watu wa Afrika Mashariki tuliwahi kuwa mbele katika jambo hili, na leo mgeni wetu anauziwa mtandao wa kwetu na dalali wa mbali, kwa dola.

Morogoro tulikwenda moja kwa moja kwenye duka la kampuni ya simu. Nasisitiza duka, maana vijana wanaosajili laini chini ya mwavuli kando ya barabara wanauza laini za kadi, na simu ya mpwa wangu haiwezi kuipokea kadi. Mhudumu alikuwa binti mwenye subira.

"Karibu dada. Simu yako haijafungwa na kampuni ya kule?"

Swali hilo lilikuwa la mtu anayeijua kazi yake. Simu zinazouzwa Marekani kwa mkopo wa kampuni ya simu mara nyingi hufungwa zisipokee mtandao mwingine mpaka deni liishe, na simu iliyofungwa haitakubali eSIM ya kampuni nyingine yoyote, iwe ya Airalo au ya duka la Morogoro. Ya kwake ilikuwa huru. Mhudumu alimwambia abonyeze *#06#, na kwenye kioo zikatokea namba za utambulisho wa simu yenyewe pamoja na ile ndefu ya tarakimu 32, ambayo ndiyo kitambulisho cha hiyo laini ya ndani. Simu isiyoonyesha namba hiyo, mara nyingi haina eSIM, na unaweza kujipima mwenyewe nyumbani kabla hujafunga safari.

Kisha pasipoti, ukurasa wa picha na ule wenye idhini ya kuingia nchini, na vidole kwenye mashine. Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole nchi nzima mwaka 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa utaratibu huo zikaanza kuzimwa. Mwananchi anatumia namba ya NIDA, mgeni anatumia pasipoti. Wapo wasafiri wanaolalamikia utaratibu huu, nami naona lalamiko lao lina haki pale foleni inapokuwa ndefu. Hata hivyo ndio unaoifanya namba iaminike kubeba pesa.

Msimbo wa QR ulipotokea kwenye kioo cha mhudumu, simu ilihitaji intaneti ili kushusha laini mpya. Na hapo lile bando la safari likafanya kazi bora kuliko zote lilizofanya: ndilo lililoishusha namba ya Tanzania. Baada ya dakika chache mpwa wangu akawa na tarakimu kumi zinazoanza na sifuri kama zetu, na pochi ya pesa juu yake. Nilijaribu kumpigia palepale. Ikaita.

"Usiifute, dada," mhudumu akamwonya. "Watu wanafuta kwa bahati mbaya wakidhani wanazima. Ukiifuta, msimbo huu hautumiki tena, itabidi urudi hapa."

Namba ya Marekani tuliiacha ikiwa imewashwa kwa ajili ya ujumbe wa benki tu, data yake ikazimwa. WhatsApp ikabaki na namba yake ya zamani. Simu za aina ile zinaweza kutunza eSIM kadhaa ingawa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja ni mbili, kwa hiyo lile bando la safari tulilizima na kuliweka akiba.

Kuna atakayeuliza tulichukua mtandao gani. Tanzania ina Vodacom, iliyoanza huduma mwaka 2000, Airtel, Yas, ambayo hadi Novemba 2024 ilijulikana kama Tigo, Halotel ya Viettel ya Vietnam, iliyoingia mwaka 2015 na kujenga sana vijijini, na TTCL, shirika la umma. Vodacom, Airtel na Yas wote wanatoa eSIM. Sitataja tuliochukua, kwa sababu jibu linategemea unakwenda kijiji gani, na mtandao unaonisaidia mimi Katindiuka unaweza kukutupa wewe kule Mlimba, bonde hilihili. Njia ya uhakika ni kumpigia mwenyeji wa unakokwenda ukamuuliza yeye anatumia laini gani akiwa nyumbani kwake, wala usimuulize akiwa mjini. Ramani za kampuni zinaonyesha rangi nzuri tu.

Kwenye bei, bando la hapa lilikuwa nafuu kuliko lile la safari, na tofauti haikuwa ndogo. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliweka mipaka kwamba MB moja ya data isiuzwe chini ya shilingi 2.03 wala juu ya 9.35. Wauzaji wa nje wanapanga bei zao wenyewe, kwa dola, na mara nyingi GB moja yao inakununulia GB kadhaa ukiwa na namba ya hapa.

Tulipanda basi kwenye stendi ya Msamvu, hapohapo Morogoro. Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na hapo mtandao ukaanza kuja na kuondoka. Mpwa wangu hakujali. Alikuwa dirishani akiwatazama pundamilia na twiga, na mimi nilifurahi kwamba kwa muda ule hapakuwa na kioo kingine cha kutazama.

Mikumi mjini basi linakunja kushoto kuiacha barabara kuu ya Iringa. Kidodi, Ruaha, kisha daraja, kisha Kidatu na mashamba ya miwa yaliyotanda mpaka macho yanachoka, na mitambo ya umeme ya Kidatu ya megawati 204 iliyotegeshwa kwenye maji ya Ruaha Mkuu. Kutoka hapo Milima ya Udzungwa inakushika kulia, mirefu, ya kijani kibichi, na haikuachii mpaka unakaribia Ifakara. Waliopita njia hii miaka ya nyuma wanakumbuka vumbi la kiangazi na tope la masika. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara sasa ni lami. Mang'ula ndipo penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, na wageni hushuka hapo kwenda kuyaona maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170.

Chini ya milima hiyo niliona jambo ambalo kila msafiri wa bondeni alijue. Simu ya mpwa wangu ilikuwa ikishuka kutoka 4G hadi 2G. Intaneti ikafa. Ramani ikaganda. Lakini sauti ilikuwepo, na zile menyu za nyota na reli zilikuwa zinafunguka. Nikamwambia anunulie vocha simu yangu kutoka kwenye pochi yake mpya, kwa kujaribu. Ikakubali. Menyu za namna hiyo hazihitaji intaneti. Zinapita kwenye njia ileile ya simu ya kawaida, na ndiyo maana mkulima mwenye kitochi anauza mpunga na kupokea fedha mahali ambapo programu ya simu janja haifunguki. Mgeni mwenye data tupu, 2G ikibaki peke yake, amebaki hana kitu.

Kiti cha mbele yetu alikaa mfanyabiashara wa mchele kutoka Kenya. Alikuwa na simu mbili, moja yenye laini ya Safaricom ya nyumbani, nyingine ya laini ya Tanzania. Nilimuuliza kwa nini asitumie rominga tu.

"Mzee, mkulima wa huku hapokei simu ya +254," alisema. "Anaona ni tapeli. Nikimpigia kwa namba ya hapa, anashika mara ya kwanza."

Pesa akitumiwa kutoka Kenya inaingia kwenye M-Pesa yake ya Tanzania. Njia hiyo kati ya Safaricom na Vodacom ilifunguliwa mwaka 2015. Alisema kabla ya hapo alikuwa anasafiri na noti kiunoni. Mpwa wangu alimsikiliza kwa makini kuliko alivyonisikiliza mimi, na sikumlaumu. Huyu alikuwa anaongea kutokana na mali yake.

Ifakara ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, na kila mtu yuko juu ya magurudumu mawili: mwanafunzi, mama na ndoo ya dagaa, mzee na gunia. Kwenye kila kona yupo wakala, kibanda chake kimepakwa rangi za mtandao anaoutumikia, na wengi wanautumikia zaidi ya mmoja. Huku hakuna shida ya kuwa na pochi ya kampuni moja na mwenzio ya kampuni nyingine. Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana kupitishiana fedha mwaka 2014, Vodacom akaungana nao mwaka 2016, na Tanzania ikawa mfano kwa nchi nyingine.

Katindiuka tulifika jua likiwa limeshuka. Mama alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume?"

Mpwa wangu hakuujua utani huo wa bibi na mjukuu, ikabidi nimweleze babu yake aliitwaje na kwa nini sasa yeye mjukuu anaitwa mke mwenza wa mtu. Alicheka mpaka akatoa machozi. Baada ya kula, mama akachomoa kitochi chake kwenye kanga.

"Haya, nipe namba nikubipu. Usije ukaenda huko kwenu ukawa unanitumia salamu kupitia kwa jirani."

Alibonyeza tarakimu moja moja, mpwa akimtajia. Simu isiyo na tundu ikaita ndani ya nyumba ya Katindiuka, kutoka kwenye kitochi cha bibi, wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Bando la data la dunia nzima lisingeweza kuwafanyia hivyo. Mama hana WhatsApp, na umri wake hauhitaji awe nayo. Alihitaji namba, akaipata, na kuanzia asubuhi ile iliyofuata alikuwa anampigia mjukuu hata akiwa chooni kuuliza kama chai imeshaiva.

Siku zilizofuata mpwa wangu alilipa kila kitu mwenyewe. Bodaboda wa kwenda sokoni, perege wabichi, kilo za mchele wa kupeleka kwa shangazi zake Dar. Alijifunza kuangalia jina linalotokea kwenye kioo kabla ya kuweka namba ya siri, na kuwauliza wauzaji, "Lipa namba yako ni ipi?" Wakawa wanamwita dada wa Marekani anayelipa kwa simu kama mtu wa hapa.

Tulivuka pia kwenda upande wa Ulanga. Zamani Mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko, na wengi bado wanakumbuka Januari 2016 kivuko kilipopinduka. Daraja lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 384 na jina la Rais Magufuli, limeyaondoa mashaka hayo. Ng'ambo ya mto, tulipoiacha barabara na kuingia kwenye mashamba ya mpunga, laini ya mpwa wangu ilikufa kabisa. Kijana aliyekuwa akitupeleka alikuwa anaongea na simu yake bila shida, kwa mtandao mwingine.

Tuliporudi Ifakara tulitaka kumwongezea mtandao wa pili. Vijana wa usajili walikuwa na laini za kadi tele, mifuko imejaa. Kwenye duka tuliloingia tukaambiwa kwa simu ile ya eSIM twende Morogoro. Kwa hiyo tulifanya vile wafanyavyo wengi: nilinunua kitochi cha laini mbili, tukasajili laini ya kadi kwa pasipoti yake, akawa na simu ya kupigia inayoshika mnara wa pili na betri ya siku kadhaa. Ni suluhisho zuri na nalipendekeza. Lakini halikupaswa kuwa lazima.

Ifakara imezoea wageni kwa muda mrefu kuliko miji mingi mikubwa. Mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika hapa mwaka 1949, na kutokana na kazi aliyoianzisha ndipo ikakua Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo utafiti wake wa malaria na vyandarua unajulikana dunia nzima. Watafiti wanakuja kutoka kila bara. Wapo wanafunzi wa udaktari wanaokuja hospitali ya Mtakatifu Fransisko, wapo wapanda milima wa Udzungwa, wapo wanaoteremka treni ya TAZARA kwenye reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Na wapo watoto wa hapahapa waliozaliwa ughaibuni, wanaorudi kuwaona bibi zao. Kila mwaka wengi zaidi kati yao watakuja na simu zisizo na tundu.

Minara inaongezeka, na hilo niliseme kwa haki. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini. Ila mnara peke yake haumsaidii mtu ambaye hawezi kuandikishwa kuutumia. Wala eSIM ya nje haiwezi kuwa kinga ya mtandao wa ndani, kwa sababu inapanda juu ya minara ileile. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Tanzania ilizorota, na mwenye bando la dola alisubiri pamoja na mwenye bando la shilingi. Siku kama ile simu ya sauti na menyu za pesa ndizo zinazobaki, na hizo zinataka namba ya hapa.

Kwa hiyo naziomba kampuni za simu zilizokwisha kuwa na eSIM zishushe huduma hiyo hadi Ifakara, Mang'ula na Mlimba. Kijana wa usajili mwenye mashine ya vidole tayari yuko chini ya mwavuli. Mpeni na uwezo wa kutoa msimbo wa QR. Naiomba TCRA iangalie namna mgeni anavyoweza kupata namba ya Tanzania yenye pochi palepale uwanja wa ndege, kwa pasipoti, bila kuzungushwa. Na nchi zetu za Afrika Mashariki zirudishe kile ambacho Celtel ilikifanya mwaka 2006, mara hii kwa mitandao yote.

Wewe unayekuja Katindiuka, nunua bando la safari la siku chache tu, la kukufikisha. Hakikisha simu yako haijafungwa. Shuka Morogoro na pasipoti mkononi, ingia dukani, chukua eSIM yenye namba na ufungue pochi humohumo, kisha ndipo ukate tiketi ya basi la Ifakara.